Kuulizwa na Kuhojiwa

Mtu wa Kasansa, katika nchi ya Wapimbwe, akiitwa polisi kuulizwa, hudhani atakuwa shahidi; akiitwa kuhojiwa, hushtuka. Waingereza nao wana neno la upole na neno la ukali. Mwaka 1912 majaji wao walitoa kanuni: polisi akiisha kuazimu kumshtaki mtu, amwonye kwanza, ndipo amwulize. Sheria ya Ushahidi ya India, iliyotumika Tanganyika tangu 1920 hata 1967, ilizidi: ungamo mbele ya polisi halikuwa ushahidi juu ya mshtakiwa. Basi mkalimani aliyetafsiri kuhojiwa kuwa kuulizwa tu alimficha hakimu kwamba mtu yule alikuwa amekwisha kushukiwa. Sisi twamwekea shahidi kuuliza, na mshukiwa kuhoji. Kusaili tumeliacha, siku hizi ni neno la watafutao kazi.