Kuwahi

Kuwahi ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kufika au kutenda jambo kabla muda wake haujapita. Kinyume chake ni kuchelewa. Kwa kuwa hutumika mara nyingi mahali ambapo Mwingereza angesema "hurry", wanaojifunza lugha hudhani ni sawa na kuharakisha. Si sawa. Kuharakisha na kukaza mwendo hueleza kasi ya mtendaji. Kuwahi hutazama mpaka uliowekwa na kitu kingine. Mzee aliyetoka alfajiri akatembea polepole amewahi basi. Kijana aliyekimbia akakuta limeondoka hakuwahi, ingawa aliharakisha kweli.

Kando ya mto Rufiji mpaka huo huwekwa na maji. Katika delta, upande wa Kibiti, mikondo ipitayo kati ya mikoko hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa za maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Nahodha wa Nyamisati akisema "tuwahi maji", hadai watu wapige kasia kwa nguvu. Anataka chombo kiondoke kabla maji hayajapwa. Asiyewahi hupwewa: chombo hulala topeni saa kadhaa mpaka maji yajae tena. Siku za bamvua, maji yanapopwa sana, hilo ni jambo la kuogopwa zaidi kuliko siku za maji mafu.

Mtoni juu, katika kata ya Ngorongo na vijiji vingine vya bonde wilayani Rufiji, wanaolazimika kuwahi ni wakulima. Mpunga hupandwa kwa mvua za kwanza ili uwe mrefu kabla mafuriko hayajafika, kwani mche mfupi hufunikwa na kuoza. Maji yakishuka, mahindi hupandwa kwenye udongo mbichi, kilimo kiitwacho mlau, kabla unyevu haujaisha. Mkulima yule yule anawahi mara mbili, na kasi ya jembe ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Iliyo kubwa ni kuujua mto. Hata mazao huwa kiima cha kitenzi hiki: "mpunga umewahi". Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa kwenye miinuko, lakini mashamba yalibaki chini. Ndiyo maana familia hulala kwenye madungu, vibanda vya kulindia mazao, msimu wa kilimo, ili ziwawahi nguruwe na ndege.

Kauli ya kutendesha, kuwahisha, husikika zaidi pale inapogusa uhai: mgonjwa huwahishwa hospitali. Kutendwa, kuwahiwa, ni kutanguliwa na mwingine katika kupata kitu. Kikifuatwa na kitenzi kingine, kuwahi hueleza kama tukio limepata kutokea: "umewahi kufika Mafia?", "sijawahi".

Huko Rufiji, tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji, sehemu kubwa ya maji yaendayo Ngorongo hupita kwanza kwenye milango ya bwawa. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Anayetaka kuwahi sasa anahitaji kusoma mvua, mwezi na udongo kama zamani, na pia kupata mapema taarifa za maji yanayofunguliwa bwawani, na taarifa hizo zinapaswa kumwahi yeye kwanza.