Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia: Maeneo ya Kupiga Mbizi na Masharti Yake

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyopo Mkoa wa Pwani, ni hifadhi ya bahari ya kwanza kuanzishwa nchini Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1995 kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822, zikijumuisha miamba ya matumbawe, mikoko, nyasi bahari na vijiji ambavyo wakazi wake huendelea kuvua kwa utaratibu uliowekwa.

Maeneo ya kupiga mbizi

Eneo kuu ni Ghuba ya Chole, mkabala na Utende. Ghuba hiyo imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, hivyo hufikika hata wakati wa kusi. Katika Mlango wa Kinasi, ambapo maji huingia na kutoka bahari kuu, huonekana makundi makubwa ya samaki. Mikondo ya mlango huo hukaza wakati wa bamvua; kwa hiyo waongozaji hupanga safari kwa kufuata saa za maji kujaa. Miamba ya nje ya ghuba hutembelewa zaidi msimu wa kaskazi, bahari inapotulia.

Papa potwe huonekana upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, hususan Oktoba hadi Machi.

Masharti kwa wageni

Mgeni hulipa kiingilio cha Hifadhi kabla ya kuingia. Hairuhusiwi kukanyaga, kushika wala kuchukua matumbawe, kombe au kiumbe chochote. Aliyepiga mbizi kwa mitungi ya hewa mara kadhaa anashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Sababu ya masharti

Baadhi ya matumbawe magumu hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Mlipuko mmoja wa baruti au nanga moja iliyotupwa ovyo huharibu kazi ya miongo mingi. Mwaka 1998, joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi ya Mafia kupauka na kufa. Miamba hiyo ndiyo mazalia na malisho ya samaki wanaotegemewa na wavuvi wa Mafia. Ikiharibika, hasara huanzia katika nyavu zao kabla ya kumfikia mtalii.