Afya kwa Gharama Nafuu: Tulikotoka na Tuendako



Twaadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, na wenzangu wameandika habari za mazao na bei. Mimi nimeona yafaa kueleza historia fupi ya jambo limgusalo kila mkulima, nalo ni matibabu. Kwa maana mavuno mema ya mwaka mzima huweza kuteketea kwa ugonjwa wa mtu mmoja nyumbani.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na watu wakatibiwa pasipo malipo. Majengo yalikuwapo, lakini mara nyingi dawa hazikutosha. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200. Fikra yake ilikuwa nyepesi: nchi ichague dawa zinazohitajiwa na walio wengi, izinunue kwa wingi, tena kwa jina la dawa yenyewe, si la kiwanda. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilifuata njia hiyo, na masanduku ya dawa yakapelekwa zahanati hata za mbali. Mwana ushirika hataona ajabu hapa, kwani ndivyo nasi tununuavyo mbolea.

Hata hivyo masanduku yalikuwa ya namna moja. Mahali pamoja dawa zilibaki hata zikapitwa na muda, na mahali pengine zilikwisha mapema. Hatimaye ikabidi vituo viagize kwa kadiri ya mahitaji yao, kutoka Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya 1993.

Mwaka huo huo wa 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama hospitalini. Wengi wetu twakumbuka yaliyofuata. Nyumbani kwetu ng'ombe wa maziwa aliuzwa ili mama atibiwe. Mama alipona, bali maziwa na ada ya shule vilikosekana mwaka ule.

Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa mchango mara moja kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama kile. Mpango huo wa nyongeza uliitwa tele kwa tele. Sheria ya 2001 iliueneza mfuko nchini. Lakini wengi walijiunga walipougua tu, wenye afya wakakaa kando; na mwanachama aliyeikosa dawa zahanatini hakuona sababu ya kulipa tena. Mfuko ulidhoofika kwa mambo hayo mawili: wachangiaji wachache na huduma hafifu, kila moja likilizidisha jingine.

Baadaye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Ushirika Afya, mpango wa kuwaandikisha wakulima kwa njia ya vyama vyao. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Ndugu zangu wa Olmotonyi na vijiji jirani, sheria peke yake haitamtibu mtu. Hapana budi mkutano mkuu ujao uamue mambo mawili. Kwanza, mchango wa bima utengwe wakati wa mauzo, fedha ingali mkononi, kwa wazima na wagonjwa pamoja. Wala mwanachama asiachwe ajitafutie mwenyewe mwezi wa njaa. Pili, tuchague watu waaminifu waingie katika kamati za zahanati zetu, wakague dawa zilizopokelewa na zilizotolewa, kama tukaguavyo mizani na vitabu vya chama.

Tukilipa bila kukagua, tutalipia rafu tupu. Tukikagua bila kulipa, hatutakuwa na neno la kumwambia mganga. Viongozi na wanachama, kazi hii ni yetu sote.

Katibu wa Chama