Vitenzi vya mwendo vya Kijapani

Vitenzi vya mwendo vya Kijapani ni kama vile iku (kwenda), kuru (kuja) na kaeru (kurudi). Kitenzi hukaa mwishoni mwa sentensi, na jina la mahali hufuatwa na kijineno kiitwacho joshi.

Katika Kiswahili, "natoka Tukuyu" na "naenda Tukuyu" hutofautiana kwa kitenzi tu. Jina la mji huo wa wilaya ya Rungwe halibadiliki. Kijapani huongeza kara (kutoka), ni (kwenda) au made (hadi), na chombo cha usafiri huchukua de: Tukuyu kara Mbeya made basu de ikimasu, yaani "naenda kwa basi kutoka Tukuyu hadi Mbeya". Ikimasu ni umbo la adabu la iku.

Kaeru hupotosha wengi. Mwenyeji wa Tukuyu akirudi kwao hulitumia. Mgeni anayerudi kuutembelea mji huo husema mata iku (kwenda tena).