Tundu dogo, bei kubwa: bunduki za midomo miwili ambazo Marekani haikuzitaka

Charles Parker hakuanza na bunduki. Mwaka 1832, katika mji wa Meriden, jimbo la Connecticut, alianza kutengeneza vinu vya mkono vya kusagia kahawa, kisha vijiko, jiriwa za mafundi na vyombo vingine vya chuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyomwingiza katika kazi ya silaha. Vilipokwisha alibaki na mitambo na mafundi, akawaelekeza kwenye bunduki ya marisau ya midomo miwili. Kuanzia miaka hiyo ya 1860 hadi kazi iliposimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zilitoka bunduki zipatazo 242,000 zenye jina la Parker. Sehemu kubwa ni za geji 12. Za geji 28 ni chache, za .410 ni chache zaidi, na ndizo hizo ambazo wakusanyaji wa leo wanazisaka jimbo hadi jimbo.

Hesabu ya geji ni ya zamani na rahisi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu lifinyange liwe gololi; gololi hiyo ndiyo kipimo cha tundu la geji 12, yaani milimita 18.5. Ukigawa mafungu 20 gololi inapungua, na tundu linakuwa milimita 15.6. Ukigawa 28, linabaki milimita 14. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linashuka. Ni .410 peke yake iliyo nje ya hesabu hii, maana hiyo ni sehemu ya inchi, takriban milimita 10.4.

Kwa nini basi hizi ndogo zilitengenezwa kwa uchache? Jibu linaanza na ndege wenyewe. Katika karne ya 19 Marekani ilikuwa na watu walioishi kwa kuwinda ndege wa kuuza sokoni. Ghuba ya Chesapeake ilijaa bata, na mwindaji wa biashara alitaka mdomo mpana unaotema marisau mengi kwa mpigo mmoja. Geji 10 ilikuwa ya kawaida, geji 8 haikumshangaza mtu. Baruti ya wakati huo ilikuwa nyeusi, yenye moshi mzito, na bunduki ndogo ilionekana kuwa ya watoto au ya kupitisha muda. Mwisho wa ulafi ule unajulikana: njiwa wa msafara, ambao makundi yao yaliwahi kulifunika jua, waliisha kabisa. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Sheria ilifuata, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilibana biashara ya nyama pori baina ya majimbo, na ile ya ndege wahamao ya 1918 ikafunga soko lao. Katikati ya mabadiliko hayo baruti isiyo na moshi ilikuwa imeshaenea, na tundu dogo likapata nguvu ambayo halikuwa nayo. Mwindaji wa kware aliyetembea na mbwa wake kutwa nzima alianza kuona faida ya bunduki ya kilo mbili na nusu badala ya tatu na nusu. Parker ndio waliotangulia kuileta geji 28 katika soko la Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na katikati ya miaka ya 1920 wakaongeza .410.

Kisha ukaja mchezo wa skiti. Charles Davies, mkazi wa Andover katika jimbo la Massachusetts, aliubuni karibu mwaka 1920 ili kujizoeza kulenga ndege kwa kutumia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Mwaka 1926 jarida moja la wawindaji lilitangaza shindano la kuupa jina, na mshindi, mwanamke kutoka Montana, akapokea dola 100. Mchezo ukaenea upesi, ukapata madaraja ya geji 20, 28 na .410, na sasa walikuwapo watu waliozihitaji kweli bunduki ndogo zilizotengenezwa vizuri.

Hapo ndipo historia ilipowakatili mafundi wa Marekani. Haja ilipofika, fedha ikaondoka. Soko la hisa lilianguka mwaka 1929, na bunduki ya midomo miwili ni kazi ya mikono: mitutu miwili inapatanishwa kwa uangalifu ili yote ipige mahali pamoja, kitako cha mti wa jozi kinachongwa na kupachikwa kidogo kidogo, nakshi zinachorwa kwa patasi. Wakati huohuo kijana wa kawaida aliweza kununua bunduki ya mtutu mmoja ya kukokwa kwa mkono kwa bei nafuu zaidi, na ikabeba risasi nyingi kuliko mbili. Kampuni ya A.H. Fox ya Philadelphia ilinunuliwa na Savage mwishoni mwa 1929 ikahamishiwa Utica, New York. Parker ikaenda kwa Remington mwaka 1934, na mitambo yake ikahamishiwa Ilion miaka michache baadaye. Kwa kampuni ya L.C. Smith mwisho ulikuwa wa kutisha zaidi: mwaka 1949 sakafu ya kiwanda chao mjini Fulton iliporomoka, na muda si mrefu kazi ikasimama.

Winchester walikwenda kinyume na wakati. Walitoa Model 21 mwaka 1931, katikati ya dhiki, na kutangaza kwamba bunduki hiyo ilistahimili risasi 2,000 zilizojazwa kupita kiasi bila kuharibika. Nyingi ni za geji 12, 16 na 20, za .410 ni za kuhesabika.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulijua jina la Fox. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, akianza safari yake ndefu ya uwindaji, kati ya silaha zake ilikuwamo Fox ya midomo miwili aliyopewa na mwasisi wa kampuni, Ansley Fox mwenyewe. Oktoba 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani huko Maine kwa dola 862,500, bei iliyovunja rekodi. Lakini ilikuwa geji 12, na kilichonunuliwa pale ni Roosevelt zaidi kuliko chuma. Bunduki ndogo haina rais wa kuipandisha bei. Inasimama kwa uchache wake na kwa ukweli wake, na hapo ndipo wajanja wanapoingilia.

Ujanja wenyewe ni wa namna nyingi. Bunduki ya daraja la chini kama Parker VH huchorwa nakshi mpya ili ipite kwa daraja la juu. Mitutu hukatwa, mbano wa mdomo ukapotea. Dalili yake mara nyingi ni uwazi kati ya midomo miwili pale mbele, mahali ambapo fundi wa kiwanda aliikutanisha. Mitutu ya geji 20 hufungwa kwenye mwili uliotengenezwa kwa geji 12, ikazaa kitu kizito kisicho na thamani. Kwa Parker ujanja huu hugunduliwa kirahisi, kwa kuwa namba ya ukubwa wa fremu imegongwa chini ya mitutu: 000 na 00 ni za ndogo kabisa, 0 ni ya geji ndogo kwa jumla, na kuanzia 1 kwenda juu ni za kubwa.

Mimi namheshimu mwenye VH moja ya geji 28 iliyochakaa kwa matumizi, rangi yake ya kiwandani ikiwa imebaki kwenye mapengo tu, kuliko mwenye kabati la bunduki zilizong'arishwa upya. Rangi ile ya mawingu ya buluu na kahawia ilitokana na kuchoma chuma ndani ya mkaa wa mifupa, na haijirudii sawasawa kwa fundi mwingine. Ukishaifuta, umefuta ushahidi.

Ushahidi mwingine uko kwenye karatasi. Vitabu vingi vya oda vya Parker vimesalia, na chama cha wakusanyaji wake huandika barua inayoeleza bunduki ilivyotoka kiwandani: geji, urefu wa mitutu, daraja, na aliyeiagiza. Kumbukumbu za L.C. Smith na za Winchester zimo katika jumba la makumbusho la Cody, Wyoming. Anayetaka kununua aiombe barua hiyo kabla ya kutaja bei, kisha ampelekee fundi bunduki apime chemba, maana za geji 16 za zamani ni fupi kwa milimita kadhaa kuliko risasi za leo, na risasi ndefu ndani ya chemba fupi hupandisha shinikizo. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo viwili, mwachie bunduki yake.