Mbao Zinazozeeshwa kwa Makusudi: Majengo ya Reli za Mfano Nchini Marekani

Al Kalmbach alipoanza kuchapisha jarida la Model Railroader jimboni Wisconsin mwaka 1934, wapenzi wa reli za mfano nchini Marekani walikuwa na kero moja kubwa: behewa la fundi huyu halikupita kwenye reli za fundi yule. Ndiyo maana chama chao cha kitaifa, kilichoundwa Milwaukee mwaka 1935, kilihangaika kwanza na vipimo vya reli na magurudumu. Majengo yalisubiri. Stesheni za mbao, matangi ya maji, maghala ya makaa na madaraja ya magogo vilikuwa vimejaa nchi nzima, na kitu kinachoonekana kila siku hakimsumbui mtu akilini. Ufundi wa kuyajenga kwa mbao halisi, kisha kuyachakaza kwa makusudi, ulistawi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale majengo yenyewe yalipoanza kutoweka. Mfuatano huo si wa bahati tu. Kuzeesha mbao ni namna ya kusoma historia, na kazi ya fundi inastahili kupimwa kwa swali moja: je, kila doa alilolipaka lina chanzo chake?

Majengo hayo yaliishi kwa kutegemea mvuke. Injini ya mvuke hunywa maji na kula makaa njia nzima, hivyo kila baada ya masafa fulani palihitajika tangi na ghala. Dizeli haikuhitaji hata kimoja kati ya hivyo, na kufikia mwaka 1960 mvuke ulikuwa umekaribia kwisha kwenye njia kuu za Marekani. Reli nyembamba za milimani nazo zilikuwa zikifa. Rio Grande Southern ya Colorado ilifungwa mwaka 1951 na reli zake zikang'olewa. Kipande cha reli nyingine nyembamba, kati ya Antonito na Chama, kilinusurika kwa sababu majimbo ya Colorado na New Mexico yalikinunua mwaka 1970, ndiyo maana ghala la mbao la makaa pale Chama bado limesimama. Kwingineko mbao ziliachiwa mvua, au zikabomolewa.

Katika kipindi hichohicho alijitokeza John Allen wa Monterey, California, mtu aliyekuwa mpiga picha kwa kazi. Reli yake ya mfano, Gorre & Daphetid, aliyoianza miaka ya 1940 kwa uwiano wa 1:87, ilienea kwa picha zake magazetini na katika matangazo ya biashara. Jicho la mpiga picha lilijua kwamba ukuta wenye rangi moja safi huonekana kitu cha kuchezea, ilhali masizi juu ya mlango wa karakana ya injini humweleza mtazamaji moshi ulipitia wapi. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Mafunzo yake yalikuwa yameshasambaa. Mwaka 1967 George Sellios alikuwa ameanzisha Fine Scale Miniatures, kampuni iliyouza vipande vya mbao na maelekezo ya kina, mteja akaachiwa kazi ya kujenga na kuchakaza mwenyewe.

Ushahidi kwamba kuzeesha mbao ni kusoma historia umo ndani ya mbinu zenyewe. Ubao usiopakwa rangi hugeuka kijivu kwa sababu jua huvunja lignini iliyo juu yake, mvua huiosha, na kuvu weusi wadogo huota kwenye nyuzi zinazobaki. Chini ya upenu, jua na mvua visipofika sana, ubao hubaki wa kahawia kwa muda mrefu zaidi. Fundi anayelijua hilo hapaki kijivu ukuta mzima sawasawa. Vivyo hivyo, chuma cha msumari hukutana na tanini ya mbao kama mwaloni na kuacha mchirizi mweusi. Baadhi ya mafundi huloweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki, kisha hupaka maji hayo juu ya ubao ambao kwanza umelowanishwa kwa chai ya rangi iliyokolea, kwa kuwa mbao laini wanazotumia zina tanini kidogo. Hapo hawaigi rangi ya uchakavu, bali wanarudia mmenyuko wenyewe. Hata tangi la maji hudai maarifa: pete zake za chuma husogeleana zaidi kadiri unavyoshuka, kwa sababu shinikizo la maji huongezeka kuelekea chini. Anayezipanga kwa nafasi sawa amejenga tangi ambalo lingeweza kupasuka.

Wapo wanaopinga, na wana sababu nzito. Kwanza, vipimo vinawaunga mkono. Kwa uwiano wa 1:87, ubao wa upana wa sentimita 20 huwa na milimita 2.3, na kichwa cha msumari cha milimita 8 hakifikii hata milimita 0.1. Matundu ya misumari tunayoyaona kwenye mifano mingi yametiwa chumvi. Hilo ni kweli, lakini ramani nayo huchora barabara kwa unene usiolingana na vipimo, ili isomeke. Kutia chumvi kunakuwa kosa pale tu kunapoonyesha jambo ambalo halikuwepo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kampuni za reli zilipaka rangi majengo yao, kwa hiyo mji mzima wa vibanda vilivyoinama ni hadithi ya huzuni tamu. Hapa jibu hutegemea mwaka. Katika mdororo wa miaka ya 1930, kampuni nyingi zilifilisika na matengenezo yakaahirishwa, hivyo rangi iliyobambuka ina haki yake; na ndicho kipindi alichokichagua Sellios kwa reli yake mwenyewe, Franklin & South Manchester. Uchakavu huohuo ukiwekwa kwenye stesheni ya kampuni tajiri ya mwaka 1912 unapotosha. Pingamizi hili haliuangushi ufundi. Linaudai uwe na tarehe.

Mwisho, husemwa kwamba michoro na picha zinatosha, hasa tangu serikali ilipoanzisha mwaka 1969 mpango wa kuweka kumbukumbu za kazi za kihandisi. Kumbukumbu hizo ni hazina, na mafundi wenyewe huzitegemea. Lakini picha hupokea doa bila kuuliza limetoka wapi, wakati anayelijenga upya hawezi kulipaka vizuri kabla hajajua maji yalivuja wapi, upepo ulivuma kutoka upande gani na mwenye jengo aliacha kulitunza lini. Kwa sababu hiyo, makumbusho yanayohifadhi mifano ya aina hii yafanye jambo moja la ziada: pamoja na jina la fundi, yaandike pia mwaka aliokusudia kuuonyesha na sababu za uchakavu alioupaka, ili watakaokuja waweze kumkosoa kama anavyokosolewa mwanahistoria yeyote.