DINI NA MALEZI KATIKA RIWAYA YA KISWAHILI: KUTOKA ADILI HADI MAIMUNA

Riwaya ya Kiswahili haikuzaliwa mbali na ibada. James Mbotela alipotoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, aliwaandika watu wa Freretown, kijiji kilichoasisiwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Katika masimulizi hayo, dini ndiyo iliyowapa ujamaa mpya watu walionyang'anywa jamaa zao. Mlezi ni mkombozi. Kwamba mlezi naye aweza kukosa ni swali lisilopewa nafasi.

Shaaban Robert (1909–1962) aliliingiza kosa ndani ya nyumba. Katika Adili na Nduguze (1952), Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini ndugu yao wa tumbo moja. Wanageuzwa kuwa nyani, naye Adili anaamriwa kuwapiga kila usiku, kazi inayomuumiza yeye kama inavyowaumiza wao. Hata hivyo, mizani ya maadili haitetereki. Wema na uovu vinajulikana kwa majina ya wenyewe, na msamaha unaurudisha udugu mahali pake.

Mizani hiyo ilitikiswa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepata sehemu ya elimu yake katika seminari. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Jina lenyewe ni sifa ya Bikira Maria katika litania, nalo amepewa msichana asiyeruhusiwa kukosea. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume pasipo kufundishwa kuwajua. Anapofika chuoni, mbali na fimbo ya babaye, uhuru unamwangamiza. Mwisho anajiua. Lakini mwandishi haishii kaburini. Baba na binti wanasimamishwa mbele ya Mungu, kila mmoja akimtwika mwenziwe lawama. Hapo ndipo penye upya wa riwaya hii: mzazi, ambaye duniani alikuwa hakimu, sasa ni mshtakiwa.

Haishangazi, basi, kwamba kitabu hicho kilizuiwa katika shule za Tanzania, kabla ya kuruhusiwa miaka ya baadaye. Wenye mamlaka waliogopa mambo ya unyumba yaliyosemwa waziwazi. Marufuku hiyo, hata hivyo, ilikuwa na kinaya chake: wasichana wa shule walilindwa dhidi ya kitabu kwa njia ileile aliyoitumia Zakaria kumlinda Rosa, yaani kwa kufungiwa maarifa.

Yafaa kuilinganisha Rosa Mistika na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Mazingira yamegeuka: huku ni ziwa na Ukatoliki, huko ni Zanzibar na Uislamu. Lakini nyumba ni ileile. Bwana Maksuudi, mwenye heshima mbele za watu, amemfungia binti yake Maimuna ndani, huku mwenendo wake mwenyewe ukiikana heshima hiyo. Maimuna anatoroka, na ulimwengu asioujua unampokea kwa ukatili. Tofauti kubwa imo katika hatima: Rosa anakufa, Maimuna anabaki hai na kuanza maisha upya. Kwa Kezilahabi haki imeahirishwa hadi mbinguni. Kwa Said Ahmed Mohamed inatafutwa papa hapa duniani, miongoni mwa watu.

Kwa hiyo, kuzisoma riwaya hizi kama mashambulizi juu ya dini ni kuzipunja. Kinachohukumiwa ni mkono unaoigeuza imani kuwa kufuli ya mlango. Tangu Mbotela hadi Said Ahmed Mohamed, dini haikuondoka katika riwaya. Iliondoka tu katika kinga ya mzazi ikawa shahidi wa mtoto. Badiliko hilo lastahili kuhesabiwa miongoni mwa hatua kubwa za utanzu huu.